Darubini Iliyopindua Watu

Dada yangu Nsimire alirudi kwa Papa, kilimani Kadutu juu ya ziwa, na kifua kikuu, mwaka ambao Zaïre ilitukataza majina ya ubatizo. Binti yake tuliendelea kumwita Monique, mlango ukiwa umefungwa. Daktari alisema mtoto asimkaribie mama, kwa hiyo alibaki Kalehe na baba yake, Déogratias. Nsimire hakutuomba kitu kingine: alitaka kumwona mtoto.

Ndipo Papa akatoa darubini chini ya kitanda. Kabla ya uhuru alikuwa mpishi wa wazungu waliopanda milima kupima ardhi na nyota. Walipoondoka kwa haraka walimwachia: bomba la shaba, miguu mitatu ya kukunja, sanduku lenye mikanda ya kubebea mgongoni. Aliisimamisha dirishani, akaielekeza chini gatini, mahali boti la Kalehe linapofika kila Jumamosi.

Jumamosi hiyo Déogratias alishuka, kama tulivyopatana, akamsimamisha Monique ukingoni. Nsimire aliweka jicho, akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

"Papa, mutoto yangu iko kichwa chini. Déo naye. Wanatembea na vichwa."

Papa akaangalia. Hakucheka. "Imeharibika. Mugonjwa hawezi kuangalia watu hivi."

"Uiache, Papa. Mimi ninamuona muzuri."

Hakuiacha. Mtoto aliyepinduliwa mbele ya mama mgonjwa, kwake ilikuwa dalili mbaya. Jumatatu aliipeleka kwa Cirhuza, mtengeneza saa wa sokoni.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumsimulia Déo jinsi walivyoonekana, Jumamosi ile ile, niliposhuka kumpelekea gauni ambalo Nsimire alimshonea mtoto. Alicheka sana. "Ambia bibi yangu asisumbuke. Juma lijalo nitarekebisha."

Jumamosi iliyofuata Papa alishinda kwa Cirhuza, vioo vya darubini vikiwa vimetandazwa mezani. Dirishani hapakuwa na kitu. Nilishuka gatini. Boti lilipofungwa, Déo alikwenda ukingoni, akamshika Monique miguu, akamning'iniza kichwa chini, uso ukielekea kilima chetu. Gauni jipya lilimwangukia machoni. Mtoto alipunga mikono yote miwili, akicheka na kuita mama. Wachukuzi walimwuliza Déo kama amelewa asubuhi mapema hivi. Nilingoja amalize. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba darubini haikuwa dirishani.

Nilipopanda, Nsimire alikuwa bado ameegemea dirisha. Alikuwa ameona kidoa tu. Nikamweleza yote.

"Mutoto alicheka?"

"Alicheka."

Aliweka mkono juu ya kifua. "Déo huyu," alisema. Kisha: "Usiambie Papa."

Papa alirudi jioni, sanduku mgongoni. Cirhuza alikuwa amemwambia, "Citoyen, hii haina ugonjwa. Ni ya nyota, na nyota haina kichwa wala miguu." Aliisimamisha tena dirishani, ingojee Jumamosi.

Nsimire alikufa Alhamisi.

Baada ya matanga hatukuirudisha sandukuni. Boti la Kalehe linapofika, Papa huinama, hufumba jicho moja, huangalia gati mpaka watu waishe.

"Ningeiacha tu vile," huniambia. "Lakini Jumamosi ile Nsimire hakukosa kitu kikubwa. Mutoto alisimama tu pale, si ndiyo?"

"Ndiyo, Papa," ninamjibu. "Alisimama tu."