Babu Alitaka Kujua Mama Anafananaje

Tangu aolewe kijijini Masukulu, Tupokigwe hakuwahi kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu. Ndivyo desturi ilivyotaka: mkamwana hamtazami mkwewe, wala hakanyagi kizingiti chake. Mkwe huyo, Mzee Andongwisye, akipita njiani alikohoa, na Tupokigwe akajitosa migombani, kanga kichwani, mpaka apite. Mumewe, Ambindwile, aliijua faida ya desturi hiyo. Duniani alimwogopa mtu mmoja tu, baba yake, na baba yake asingeingia kuamulia ugomvi.

Kiwanda cha chai kilipouzwa kwa mtu binafsi naye akapunguzwa kazi, kumpiga mkewe ndiyo ikawa kazi yake.

Mchana mmoja wa mvua alirudi kutoka kilabuni akamkuta binti yao Ikupa, wa darasa la pili, amelala kifudifudi mkekani na kitabu cha picha cha shule. Kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyoletwa na wafadhili, ambavyo mama ana meno yote, gauni limepigwa pasi, anacheka kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma. Tupokigwe alimchukia yule mwanamke. Hachoki, haungui, hana hata kovu moja!

Ambindwile akakipokonya kitabu. Ikupa alikuwa amemchora upya yule mama kwa kalamu nyekundu: jicho limevimba, jino la mbele halipo, damu inashuka kidevuni. Kila ukurasa hivyo hivyo.

"Umefanya nini hapa?"

"Babu aliniuliza mama anafananaje," mtoto akasema. "Huyu hafanani naye, nikamrekebisha. Nikaenda kumwonyesha."

"Umempelekea baba yangu?"

Alimpiga nacho usoni hadi mtoto akaangukia ukutani. Kisha akauchukua mchi uliokuwa pembeni ya kinu.

Mapigo yake mwenyewe Tupokigwe aliyameza siku zote, midomo kaifunga majirani wasisikie. Hili hakulimeza. Aliinua sufuria ya ndizi iliyokuwa ikitokota mafigani akammwagia mumewe miguuni. Ambindwile akapiga yowe, akauzungusha mchi, ukamchana Tupokigwe kidevu, na mfupa wa mkono wake ukalia kwa kuvunjika. Mama akamkwapua Ikupa kwa mkono uliobaki mzima, akatoka mbio mvuani.

Mlango wa jirani ulifungwa alipoukaribia. Uliobaki wazi ulikuwa mmoja, wa mkwewe. Kizingitini aibu ilimuuma kuliko mkono uliovunjika. Akaingia.

Mzee aliruka kutoka kigodani akageukia ukuta. "Toka, mkamwana! Unatutia aibu!"

"Babu, ndiye huyu," Ikupa akasema, pua ikimtoka damu. "Mtazame."

Mzee akageuka. Akalitazama jicho, akalitazama pengo, akaitazama damu kidevuni.

"Nilidhani mtoto anachezea kitabu," akasema.

Uongo mtupu. Vilio alivisikia miaka yote, naye alikuwa akikohoa na kupita zake. Lakini safari hii hakuwa na pa kupita, na machozi yalimtoka mbele ya mkamwana wake bila kificho.

Ambindwile akatokea mlangoni anachechemea, mchi mkononi. "Tata," akamwita baba yake, "nipishe. Huyo ni mke wangu."

Mzee alichomoa mundu darini akampiga kwa mgongo wa chuma kwenye kifundo cha mkono. Mchi ukaanguka. Akampiga tena begani, tena mbavuni, mpaka mwanawe akapiga magoti matopeni nje ya mlango, akilia kama alivyozoea kuwaliza wengine.

"Nisikilize," mzee akasema, akihema. "Huyu anakaa kwangu. Kuanzia leo, ukipita njia hii wewe ndiye utakayekohoa. Na akitoka nje, wewe ndiye utakayejificha migombani."

Tupokigwe akaketi kwenye kigoda cha mkwewe. Kanga ilikuwa imeteleza mabegani, na hakuivuta.