Zamu ya Mwanamke Kuchagua

Mwalimu Bohdana Zelinková alikuwa karibu kupokonywa kibali cha kufundisha dansi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye sakafu ya Nyumba ya Utamaduni ya mji mdogo wa Kicheki. Sasa chama cha walimu wa dansi kilikuwa kimeamua: kuanzia Septemba, asiyejua majina ya hatua kwa Kiingereza hafundishi. Mtihani ni Juni, mjini Brno. Barua ilifika Februari.

"Kiingereza changu ni ndiyo na asante," alimwambia Radovan Kučírek. "Na asante yenyewe naikosea."

Radovan alikuwa fundi bomba. Jumanne na Ijumaa jioni ndiye aliyeweka muziki wa darasa: anaweka waltzi, anaweka polka, anazima. Miaka ishirini na miwili amekaa nyuma ya mashine yake na hajacheza hata mara moja. Vijana wa mji huo hupelekwa kwenye dansi wakifika miaka kumi na sita. Yeye katika umri huo alishaacha shule, yuko chini ya sinki za watu.

Lakini macho alikuwa nayo. Kila vuli aliwaona wavulana wakiingia na suti za kuazima na glavu nyeupe, wamekakamaa kama mbao, na mama zao juu kwenye roshani wakihesabu nani kamwomba nani. Kufika Krismasi watoto wale wale walikuwa wanatembea kama watu. Meya hajawahi kufanya la maana kama hilo, wala padri.

"Tutajifunza," alisema Radovan.

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe, Mwalimu. Simu yangu inatamka."

Aliiunganisha simu na spika za ukumbi. Simu ikitaja hatua kwa sauti ya mwanamke wa London, Radovan anaandika anavyosikia, kwa tahajia ya Kicheki, kwenye kadi alizokata kutoka maboksi ya biskuti. Upande mmoja Kicheki, upande wa pili Kiingereza. Zilifika kadi mia mbili na kumi na mbili.

"Huu mzunguko wa kulia," alisema Radovan, "Waingereza wanauita wa asili."

"Na wa kushoto?"

"Wa kinyume."

"Ala! Sisi tunasema kulia na kushoto, mtu anajua aende wapi. Na hii?"

"Gongo la hoki. Kama tunavyoiita sisi."

"Wametuibia! Waingereza wamejua hoki ya barafuni lini?"

Walicheka, lakini kicheko hakikusaidia. Kufikia mwisho wa Machi, mwalimu akikaa mezani, alikumbuka kadi kumi na moja tu. Siku moja alizisukuma zikamwagika sakafuni.

"Kichwa kimejaa, Radovan. Nitafute kazi ya kuuza tiketi."

Mwalimu aliinama kuziokota. Mkononi ikabaki moja, upande wa Kicheki ukiwa juu. Aliitazama, na bila kufikiri mguu wake ukateleza nyuma, bega likageuka. Jina la Kiingereza likamtoka mdomoni lote, safi kama la simu.

Alisimama wima. "Njoo hapa."

"Mimi sichezi, Mwalimu."

"Nani kakuuliza? Hii ni zamu ya mwanamke kuchagua."

Radovan alijua maana yake. Kila darasa lilikuwa na zamu hiyo, na mvulana aliyemkataa msichana siku hiyo alichukua koti lake akaenda nyumbani, mama yake akimfuata kwa aibu. Akatoka nyuma ya mashine, na soksi zake za kazini.

Kuanzia hapo walijifunza wamesimama. Radovan alimkanyaga, mwalimu akataja majina. Akiwa mikononi mwa mtu hakuna kadi iliyomshinda. Mezani, zilikuwa bado kumi na moja.

"Eti unacheza siku hizi?" Zbyšek, mwenzake wa karata za Alhamisi, alimwuliza baa, akigawa. "Na nani, na boila?"

"Gawa, mdomo funga," alisema Radovan. Alhamisi iliyofuata hakwenda baa kabisa.

Juni walipanda treni ya asubuhi. Chumba cha mtihani kilikuwa na meza ndefu, watahini watatu na kiti kimoja. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Ctibor Havránek, mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, asiyecheka. Maswali arobaini: hatua inatajwa kwa Kicheki, unaijibu kwa Kiingereza; kufaulu ni thelathini na mawili. Radovan aliruhusiwa kukaa nyuma na spika yake ndogo, kama mpiga muziki wa darasa.

Mwalimu alikaa. Katika kumi ya kwanza alipata matatu.

Radovan alipiga hesabu. Akikosa mawili zaidi, basi. Aliiona mikono ya mwalimu imeng'ang'ania magoti.

Kisha mwalimu akainuka.

"Bwana Mhandisi, dansi ulijifunzia wapi?"

"Telč, mama. Nilipokuwa na miaka kumi na sita."

"Na mwalimu wenu aliwaambia nini kuhusu zamu ya mwanamke kuchagua?"

Mhandisi aliweka kalamu mezani. "Kwamba mwanamume hakatai."

"Basi nachagua." Akanyoosha mkono.

"Mama, huu ni mtihani."

"Kuna kanuni inayosema lazima nikae?"

Mmoja wa watahini, mwanamke, alifunua karatasi zake, moja, mbili, tatu. "Haipo," alisema, akijizuia kucheka.

Mhandisi alisimama. Vidole vyake vilifunga kifungo cha koti bila yeye kuviambia, akainamisha kichwa kama mvulana wa glavu nyeupe. Radovan akaweka waltzi ya taratibu.

Mhandisi hakumhurumia. Alimwongoza bila kumwambia anakokwenda, akageuza ghafla, akabadili hatua katikati. Mwalimu akaitaja kila moja: inapoanza kwa Kicheki, inapoisha kwa Kiingereza. Mezani kalamu ziliweka alama. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Radovan akabadili muziki kuwa wa haraka, na kwenye mruko wa pili goti la kushoto la mwalimu lililia, kila mtu akasikia.

"Tuache, mama," alisema Mhandisi.

"Endelea. Bado sita."

Alizitaja sita. Ndipo Mhandisi akambeba nusu hadi kwenye kiti, akambusu mkono, akarudi mezani kusaini.

Mwalimu alipata thelathini na matatu kati ya arobaini, na kibali.

Gharama yake ilikuwa hii: miezi minne, soli za jozi mbili za viatu, kiti cha Radovan cha karata baa, ambacho mtu mwingine alishakikalia, goti moja, lililopasuliwa Agosti, na somo la kwanza la Septemba, ambalo mwalimu alilitazama kutoka roshani, kati ya akina mama, akiwa na magongo mawili ya kutembelea.