Kurasa za Kufungia Nyama

Muuza nyama asiyetukanwa bado hajaanza kuuza. Leo umemwekea mtu mfupa mkubwa, kesho mizani yako imelala, keshokutwa nyama yako ngumu kama soli ya kiatu. Hayo nimeyazoea, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Lakini kuitwa "kaburi linalotembea" nyumbani kwangu, mezani kwangu, na mke wangu wa ndoa, huku nimeshika paja la kuku mkononi? Jamani!

Na tusi lenyewe hakulitunga yeye. Alilisoma. Lilikuwa kwenye kitabu alicholetewa na mdogo wake, shemeji yangu muuguzi, yule asiyepita buchani kwangu bila kuziba pua ili anichokoze. Kitabu kinaitwa Tupa Hiyo Nyama, Mjinga Wewe. Sitanii, ndivyo kilivyoandikwa juu kwa herufi nyekundu. Mwandishi anataka watu wote waache nyama, tena si nyama tu: samaki, mayai, maziwa, hata asali ya watu. Na haombi. Anakufokea kuanzia ukurasa wa kwanza kama mtu uliyemkanyaga kidole chenye kidonda. Wewe mlafi. Wewe mvivu. Tumbo lako ni jalala. Eti ndiyo mapenzi hayo, anakuuma kwa sababu anakutakia mema.

"Anasema ukweli," mke wangu akaniambia. "Mtu mzima habembelezwi."

"Amekosa adabu," nikamjibu. "Mimi nikimwambia mteja hivyo, atanunua?"

"Wewe unauza. Yeye anaokoa."

Ningecheka tukayamaliza, kama si jambo moja. Mimi na mke wangu tangu tuoane tunakula sahani moja. Si kwamba sahani hatuna, kabati limejaa hadi mlango haufungi vizuri. Ni kwamba tulianza maisha na chumba kimoja na sahani moja, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda kwao, na sisi tukabaki na mtindo wetu ule ule. Mchana kutwa mimi niko bucha na yeye yuko kwenye duka lake la vitambaa. Jioni tunakutana kwenye sahani, na hapo ndipo tunaposemana, tunapocheka, tunapowasengenya wateja wake na wangu. Ndoa yetu iko pale.

Basi jioni ile akachukua sahani yake peke yake, akajipakulia maharage yake, akaenda kukaa ncha ya pili ya meza.

"Kitabu kinasema nisile chombo kimoja na mla mizoga," akasema.

Mizoga! Nyama yangu imekaguliwa na bwana afya, ina mhuri wa bluu pajani, halafu mtu aliyejifungia chumbani na kalamu aniite mla mizoga! Nilichemka. Ni kweli daktari alikuwa ameniambia kwamba damu yangu ina mafuta mengi, moyo unafanya kazi ya punda, na nisipoacha nyama atakuja kunitibu akiwa amechelewa. Nilimjibu kwamba muuza nyama asiyekula nyama ni sawa na fundi viatu anayetembea peku, nani atamwamini? Daktari hakucheka. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, na yeye hakucheka.

Sasa hapo vita vikaanza. Akinisomea ukurasa, mimi naongeza kipande. Akisema jalala, nakaanga maini asubuhi. Akisema kaburi, narudi jioni na mbavu. Dawa ya moto ni moto, nilijiambia. Na nitasema ukweli, nyama yenyewe haikuwa na ladha. Nilikuwa nakula kwa hasira, nikitazama ile ncha ya meza, naye akitazama kitabu chake. Nilimkosa mke wangu naye yuko mbele ya macho yangu.

Asubuhi moja nikakiona kitabu kimesahauliwa juu ya friji. Nikakitia kwapani, nikaondoka nacho. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu nyumba ipumue siku moja bila kufokewa.

Kumbe siku hiyo mzee anayeniletea magazeti ya zamani hakutokea. Sisi wauza nyama bila gazeti hatuna kazi, maana nyama inaingia kwenye mfuko, mfuko unaviringishwa gazeti, ndipo mteja anabeba bila kuchafua nguo. Nikageuka huku na huku. Mbele ya kaunta amesimama mama mwenye saluni ya jirani, mwanamke wa maneno, anagonga kaunta kwa chanuo.

"Mnofu!" Ndivyo wanavyoniita. "Nifungie basi! Nimemwacha mteja kichwa kina povu!"

Jicho langu likaangukia kitabu. Nikachana ukurasa. Chaa! Ee bwana, raha niliyoisikia! Nikamfungia kilo yake, akaenda. Akaja dereva wa lori, chaa! Akaja mwalimu mkuu mstaafu, chaa! Hadi mchana nilikuwa napiga mluzi, kila tusi linatoka dukani limekumbatia nusu kilo, na kwenye kitabu limebaki jalada tu.

Nilichosahau mimi, hamnazo, ni kwamba karatasi ya kufungia nyama lazima isomwe. Kila mtu anaisoma. Nyama iko jikoni inachemka, wewe umekaa na kigazeti chenye doa la damu unajua nani alishinda uchaguzi wa mwaka juzi. Mimi mwenyewe habari za dunia nimezipata hivyo.

Kesho yake sijamaliza kunoa kisu, mama wa saluni huyu hapa, karatasi mkononi.

"Mnofu! Mimi ni jalala? Mimi?"

"Shemeji, si wewe, ni kitabu..."

"Usiniite shemeji! Nimekuja kununua nyama umenipimia na matusi! Nani kakuambia mimi mlafi? Umewahi kuja kula kwangu?"

"Hasha, sijawahi."

"Basi nipimie kilo mbili! Mbili! Tuone huyo mwandishi atanifanya nini!"

Na hakuwa peke yake. Walikuja mmoja mmoja, wamevimba, na kila aliyetukanwa aliongeza mzigo ili kumkomoa mwandishi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Dereva wa lori alikuwa ameubandika ukurasa wake kwenye kioo cha lori, anauonyesha kila anayepita, anacheka mpaka anashika mbavu, kisha akaniomba nimkatie mbavu kweli. Mwandishi yule angekuja kuomba kazi kwangu ningemwajiri siku hiyo hiyo. Sijawahi kupata mtu wa kuniuzia nyama kama yeye.

Kisha akaingia mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa taratibu, koti limefungwa vifungo vyote. Ukurasa wake alikuwa ameufuta kwa kitambaa na kuukausha. Nikajiandaa kufokewa.

"Ndugu," akasema, "hapa nyuma kuna mapishi ya dengu na karanga. Yanaishia 'kaanga kitunguu polepole mpaka'. Sasa, mpaka nini?"

Nikaweka kisu chini. "Na matusi ya mbele, mwalimu, hukuyaona?"

"Nimefundisha watoto wa shule maisha yangu yote. Hayo kwangu ni salamu." Akainamia kaunta. "Hayati mke wangu ndiye aliyekuwa akipika. Mimi nilikuwa nanunua nyama kwa sababu nyama ni rahisi, unaitia chumvi unaisahau jikoni. Jana nikajaribu hii mpaka ilipoishia. Harufu yake nzuri. Sasa nimekwama kwenye kitunguu."

Mama wa saluni, ambaye alikuwa hajaondoka maana anapenda ugomvi hata ukiwa umekwisha, akageuza karatasi yake. Akasoma kimoyomoyo. Akaniangalia kwa aibu kidogo.

"Yangu inaanza 'kibadilike rangi, ndipo utie nyanya na karanga zilizosagwa'," akasema. "Kumbe ni kitu kimoja! Hebu lete hiyo, mwalimu."

Wakaziunganisha karatasi zao juu ya kaunta yangu, kati ya mizani na shoka, wakaanza kubishana kama karanga zikaangwe kwanza. Waliokuwa kwenye foleni wakaingilia. Mmoja akasema na yeye ana ukurasa wa maboga nyumbani, anauleta. Matusi hakuna aliyeyataja tena. Mwalimu akaondoka bila nyama, na mama wa saluni na kilo zake mbili na njaa ya dengu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Nikafunga bucha nikikimbilia nyumbani kumsimulia mke wangu. Nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba hatuna tena pa kusimuliana. Yeye alikuwa ameshakaa kule kwake, ncha ya meza.

"Umekiona kitabu changu?" akaniuliza.

Kudanganya sijui, uso wangu unanisaliti. "Kimekwisha," nikasema. "Nimefungia nyama."

Nilingoja anifokee, nilikuwa na majibu yangu tayari. Hakufoka. Aliinamisha kichwa, akakoroga maharage yake, akaacha nusu, akaenda kulala. Afadhali angenipiga kwa sufuria. Mwenye kufoka bado ana tumaini na wewe, lakini aliyenyamaza? Nilikaa pale na mbavu zangu mpaka mafuta yakaganda, na hofu ikaniingia mwilini.

Kesho yake nilifunga mapema. Nikapita kwa mwalimu, nikapita saluni, nikazikariri zile karatasi mbili, nikanunua dengu, karanga, nyanya na kitunguu. Mimi najua kumchuna ng'ombe na kumpasua ukiwa umenifunga macho, lakini mbele ya kile kitunguu kimoja nilitoka jasho. Kikaungua. Nikaendelea hivyo hivyo. Mke wangu alipoingia, sahani ilikuwa moja mezani, katikati, na vijiko viwili.

Akasimama na mkoba wake begani. Akanusa.

"Umeunguza kitunguu."

"Nimeunguza."

Hakukaa. Nikaona mambo yanaharibika, nikasema lililokuwa moyoni. "Mke wangu, nisamehe kwa kitabu. Nitakununulia kingine. Ila nakuomba, ukitaka kunitukana nitukane wewe, kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa kuazima. Wa kwako nitausikia."

"Sina matusi mimi," akasema. "Nilikuwa nakusomea yale kwa sababu maneno ya kwangu yalikuwa hayatoki."

"Ya kwako ni yapi?"

Akaweka mkoba chini. Akashika mgongo wa kiti.

"Siku ile tulipotoka kwa daktari, wewe ulikuwa unacheka njia nzima. Mimi nikajiambia, huyu hatasikia. Ataniachia hii nyumba. Basi bora nizoee mapema." Akaelekeza kidevu kule ncha ya meza. "Pale sikuhamia kwa sababu ya kitabu. Kitabu nilikifanya kisingizio. Nilikuwa najifunza kula peke yangu."

Mwandishi yule alinipiga kwa kurasa nzima nzima, sikutikisika hata unywele. Mke wangu kwa maneno machache akanimaliza.

"Umeweza?" nikamuuliza.

"Sijaweza. Chakula hakishuki."

Nikainuka. Nikachukua mbavu zilizobaki kwenye friji, na maini, na mfupa wa supu niliouficha nyuma ya chupa za maji, nikampelekea jirani mlangoni, naye akapokea bila kuuliza maana wema hauulizwi. Nikarudi, nikanawa mikono, nikamvutia kiti.

"Nyama iliyobaki ni ya bucha," nikamwambia, "na ya bucha ni ya wateja. Kaa."

Akakaa. Dengu zilikuwa ngumu kidogo na kitunguu kilikuwa kichungu hasa, mwalimu na mama wa saluni wangenicheka wiki nzima. Mke wangu akanisogezea dengu upande wangu wa sahani, tukala mpaka tukamaliza.