Bunduki ya Nils

Theluji ilipoyeyuka, Maren Tollefsrud aliikuta bunduki ya mumewe ghalani, chini ya marobota ya nyasi kavu, imeviringishwa kwenye gunia. Vuli iliyopita Nils alipanda nayo mlimani kuwinda kulungu, yeye na mdogo wake Garrick. Garrick alirudi peke yake, akasema walipotezana kwenye tufani, na Nils ndiye aliyekuwa na bunduki. Baada ya watu kumtafuta Nils wasimwone, Garrick akahamia shambani kumsaidia shemeji yake. Mji mzima ulimsifu. Nani angemsikiliza Maren?

Akaificha nyuma ya kiti cha pikapu yake, akamwambia Garrick kwamba anakwenda kununua chumvi ya ng'ombe.

Fundi wa bunduki wa mjini hata hakuigusa. "Mama, hizi za kukoki kwa kuvuta mkono wa chuma chini ya kifyatulio ni za enzi za babu zetu. Vipuri hakuna. Mjaribu Orville Pruett, kule juu mtoni, kama hajafa."

Orville alikuwa hai, na aliitambua mara moja. "Ya Nils hii," alisema. Akauvuta ule mkono wa chuma, haukusogea. "Umepinda. Mtu kaulazimisha."

Alifungua skrubu taratibu, akapitisha ufito wa shaba mtutuni, akagonga mpaka kitu kikadondoka mezani: ganda la risasi, limechanika ubavuni.

"Ilipigwa, ganda likakwama," alisema. "Aliyeishika alikuwa na haraka ya kupiga tena. Si Nils huyo, binti. Nils alijua haitaki kuvutwa kwa pupa." "Garrick alinipigia simu vuli ile. Akaniuliza ganda likikwama kwenye bunduki kama hii linatolewaje. Nikadhani Nils yuko naye."

"Lini, mzee?"

"Kabla hamjaanza kumtafuta."

Nje, mbwa akabweka. Pikapu ya Garrick ilikuwa inapanda njia ya matope, polepole, kama ya mtu asiye na shaka na aendako.

Orville alilifunika ganda kwa kitambaa, akaingia jikoni. Maren akamsikia akinong'ona kwenye simu.

Garrick aliingia akijifuta buti mlangoni. "Shemeji, kumbe chumvi siku hizi inauzwa huku?" Kisha akaiona bunduki. Tabasamu halikumtoka, ila macho yake hayakucheka.

"Haitengenezeki," Orville alisema akirudi na birika. "Imekufa hiyo."

"Basi nipe nikaitupe."

"Iache," Maren alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Garrick aliurudisha mkono aliounyoosha. "Sawa. Twende nyumbani, shemeji. Wewe tangulia, mimi nitakuwa nyuma yako."

"Mtakunywa kahawa kwanza," Orville alisema, akavuta kiti chake mpaka mlangoni, akakikalia.

Wakanywa. Gari la sherifu, mkuu wa polisi wa huko, liliposikika likivuka daraja, Garrick hakukimbia. Alimalizia kikombe, akakigeuza mezani, akamwinamia Maren kama mtu wa nyumbani.

"Na ng'ombe jioni atawalisha nani?" akauliza.

Maren alilifunua ganda lililokuwa mezani. Nils walimpata Julai, korongoni chini ya miamba, na tundu la risasi mgongoni. Alikuwa amejiburura mbali sana kabla ya kufa.