Kamati ya Harusi ya Stratford

Kwa miaka sita Jokha alikuwa mjumbe wa kamati ya harusi isiyokuwa na bibi wala bwana harusi.

Uongo wenyewe ulitoka kwa haraka. Bi Haifa, shangazi yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimuuliza anakwenda wapi Jumamosi mchana na marashi yote yale. "Kamati ya harusi, shangazi," Jokha akajibu. Nani asiyezijua kamati za harusi za watu wa bara? Hukutana mpaka watu wakasahau nani anaoa. Bi Haifa akarudi kwenye cherehani yake, na Jokha akashuka ngazi za flati yao ya Wembley, London, huru mpaka magharibi.

Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda kwenye Udugu. Ulikuwa ushirika wa wanawake wenye taaluma zao, mawakili, wahasibu, madaktari, yeye mwenyewe mfamasia wa hospitali, na wote walikuwa wanawake wanaopenda wanawake wenzao. Walikutana Stratford kwa Mumbi, wakili Mkenya mwenye kicheko cha kugongewa ukuta na jirani. Mwenye usaili wa kazi walimfanyisha mazoezi. Aliyeachwa walimpikia. Na mara moja kwa mwaka walimpokea dada mpya.

Mapokezi yalikuwa na utaratibu wake. Dada mpya alisimama katikati ya sebule, akataja jina lake, kazi yake na anayempenda, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Kisha doti ya kanga, ambayo bado haijakatwa, ilikatwa katikati, yeye akabaki na kipande kimoja na aliyemleta akabaki na cha pili. Hayo dada mpya hakuambiwa kabla. Aliambiwa tu alete doti mpya.

Mwaka ule wa 2002 aliyepokewa alikuwa Marcelina, msanifu majengo kutoka Moshi. Aliyemleta alikuwa Jokha. Anayempenda alikuwa Jokha vilevile, na sebule nzima ilijua, ikangoja na vigelegele mdomoni.

Marcelina akatoa kanga yake kwenye mfuko. Vigelegele vikakwama.

"Marcelina," Jokha alisema polepole, "hii imeshakatwa."

"Na nimeipinda vizuri! Tazama mshono."

"Nani kakwambia uikate?"

"Nani kaniambia nisiikate? Jamani, nije mbele za watu na kitu kinachotoka nyuzi?"

Mumbi alishika mbavu. "Aki tumepata fundi! Dada, umejipokea mwenyewe nyumbani, hapa umekuja kula tu."

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Lakini kanga nyingine ingepatikana wapi jioni ile? Walikuwa bado wanashauriana kengele ya mlango ilipolia.

"Huyo ni mama wa sambusa nilizoagiza," Mumbi alisema. "Alipiga simu asubuhi, nikamwelekeza njia kutoka stesheni. Jokha, mfungulie."

Jokha akafungua. Mlangoni alisimama Bi Haifa, koti la baridi juu ya buibui, sufuria imefungwa kwa taulo.

"Miaka sita, mwanangu!" alisema akipita ndani. "Nikasema, hawa ama hawana wa kuwapikia, ama hawana wa kuwasukuma. Namba ya simu umeibandika mwenyewe kwenye friji. Treni moja tu kutoka Wembley Park, sufuria mapajani. Mzungu mmoja kaniuliza mna nini humo. Nikamwambia pilau. Akahamia kiti cha karibu."

"Shikamoo," sebule nzima iliamkia, kila mtu amesimama wima kama yuko shuleni.

"Marahaba, marahaba. Wote hawa kamati? Mbona hamna hata mwanamume mmoja wa kubeba viti?" Akaweka sufuria mezani, akatoa doti mpya mfukoni. "Hii ya bibi harusi. Sikuikata, ataikata mwenyewe. Yuko wapi?"

Katika ulimwengu huu Jokha aliogopa jambo moja tu, nalo ni siku shangazi yake atakapojua na kumfungia mlango. Hakuwa na mzazi mwingine.

Mumbi, wakili hasa, aliwahi. "Bibi harusi amechelewa, mum, foleni ya magari..."

Jokha alimtazama Marcelina. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaikunja kanga yake iliyopindwa, tayari kuwa rafiki tu, kama alivyokuwa kila alipopiga simu Wembley.

"Acha, Mumbi," Jokha alisema. "Shangazi, hakuna harusi. Haikuwahi kuwapo. Mimi Jokha, mfamasia, nawapenda wanawake, kama wote unaowaona hapa. Na huyu Marcelina ndiye ninayempenda."

Ilisikika mpaka jikoni.

Bi Haifa aliketi. Akafungua vifungo vya koti, akavifunga tena.

"Miaka sita," alisema mwishowe. "Miaka sita kila nikiswali namwomba Mungu aiwezeshe harusi ya watu nisiowajua."

Nyuma, Mumbi akaguna kicheko.

"Usicheke wewe! Si ndiye uliyenielekeza njia kwenye simu?"

"Mum, nilidhani unaleta sambusa!"

Mdomo wa Bi Haifa ukatetemeka. Alijaribu kuubana, ukamshinda, akacheka huku machozi yanamtoka, na wote wakacheka kwa woga, kisha bila woga.

Alipojifuta uso alimgeukia Jokha. "Dini yangu unaijua. Hili sijalikubali, nitakwenda nikae nalo. Lakini sikukulea nije nikutupe. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na wewe, mrefu," akamwambia Marcelina, "umekula?"

"Bado, shangazi."

"Lete sahani. Pilau haingoji watu wamalize kutazamana."

Walikula. Ilipobaki ukoko tu, Mumbi aliitazama ile doti, akamnong'oneza Jokha, na Bi Haifa akataka kujua wananong'ona nini. Wakamweleza utaratibu. Alisikiliza, kisha akauona mkasi mkononi mwa Mumbi.

"Huo wa kukatia karatasi? Mtaitafuna nguo yangu." Akatoa mkasi wake wa kushonea kwenye mkoba, akashika doti kwa mikono miwili, akaivuta ikakaza. "Kateni. Taratibu. Fuateni mkono wangu."

Wakakata, Jokha upande mmoja wa mkasi, Marcelina upande wa pili. Vigelegele vikapasuka. Jirani akagonga ukuta.

Kwenye treni Bi Haifa alikaa na sufuria tupu mapajani mpaka karibu na Wembley. Hapo akasema, "Yule mrefu kala sahani tatu. Hana mtu wa kumpikia?" Jumamosi iliyofuata Marcelina akala Wembley.

Bi Haifa alifariki mwaka 2008. Kamati nzima ilikuja na masufuria yake, ikaosha vyombo na kuandaa chai ya wafiwa. Marcelina alijitanda kipande chake, kimepindwa vizuri kama anavyopenda.

Cha Jokha hakijapindwa mpaka leo. Nyuzi zinatoka ukingoni, pale Bi Haifa alipoishika.