Fomu Iliyofika Tupu

Mabruka alikuwa akimfungia mteja udi dukani kwake katikati ya jiji simu ilipolia. Aliyepiga ni Sista Kasyoka, muuguzi wa hospitali ambako Jabir, mdogo wake Mabruka, alikuwa akisafishwa damu tangu figo zake zigome.

"Mama, ile fomu ulituma imefika," alisema Sista Kasyoka, "lakini iko tupu."

"Tupu vipi, sista? Nimeijaza yote kwa simu, neno kwa neno."

"Kwa simu yako majibu unayaona. Hapa kwetu ni masanduku meupe tu, na mtu yeyote anaweza kuandika ndani. Lazima uigandishe, ndio majibu yashikane na ukurasa. Halafu utume tena leo kabla tufunge. Kamati inakaa kesho asubuhi. Ikikosa kuisoma, mtangoja kikao cha mwezi ujao."

Mwezi ujao! Mteja aliondoka na udi wake, na Mabruka hakujua hata kama alimuaga. Asubuhi hiyo Jabir alishindwa kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Vipimo vilikwisha kuonyesha kuwa figo ya dadake inamfaa. Kilichobaki ni kamati kuridhika kwamba mtoaji ni mzima wa mwili na akili, na kwamba anatoa kwa hiari yake.

Alimwachia mumewe Hafiz duka, akaingia saiba ya jirani, kibanda cha kompyuta na intaneti. Mhudumu alimpokea vizuri.

"Nitumie kwa WhatsApp, mum. Naipandisha kwa tovuti fulani, saa hii tu imeisha."

Mabruka alikuwa karibu kutuma jicho lake lilipoangukia kompyuta ya yule mhudumu. Vitambulisho vya watu, hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya daktari yenye jina kamili la mgonjwa: vyote vilikuwa wazi pale, kila apitaye aone. Akairudisha simu mkobani.

"Nitarudi," alisema, na moyoni akijua harudi.

Maana ndani ya fomu ile mlikuwa na jambo lake. Swali moja liliuliza kama mtoaji aliwahi kuugua maradhi ya akili, na Mabruka hakutaka kuapa uongo. Kabla ya kumzaa mwanawe Mujahid, alizaa binti ambaye hakuimaliza hata wiki. Walipomzika, giza lilimwingia Mabruka hadi akalazwa. Hafiz alijua. Mama yao huko Mombasa aliambiwa ni malaria, na Jabir akaambiwa vivyo hivyo.

Alipanda ngazi hadi kwa Debra, karani wa ofisi ya mawakili iliyo juu ya duka lake, ambaye wamekuwa wakipikiana chai miaka mingi.

"Mama Mujahid, mbona umekunja uso hivyo?"

Mabruka akamweleza, ila ile siri hakuigusa. Debra akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona tatizo dogo.

"Hiyo sisi tunafanya kila siku. Wateja wetu hawawezi kukubali makaratasi yao yazurure. Kuna ukurasa mmoja wa mtandao, kazi yote inafanyikia ndani ya simu yako. Faili haiendi mahali."

"Wote husema hivyo, Debra."

"Basi usiniamini. Fungua huo ukurasa. Umefunguka? Sasa zima data. Zima na waifai. Hata kama ukitaka kutuma, utatuma na nini?"

Mabruka akazima kila kitu. Debra akainuka bila kuambiwa, akaenda kubandika chai. Mabruka akaichagua fomu, akabonyeza, na pale pale, bila mtandao wowote, faili mpya ikatokea. Aligusa sanduku la jina lake. Halikufunguka. Aligusa la anwani, kimya. Maneno yalikuwa yameingia kwenye ukurasa kama wino.

Kisha akafika kwenye lile swali. Jibu lilikuwa limekatwa. Alikuwa ameandika kwa kuzungukazunguka, sanduku likajaa, na sasa lilisomeka: "Nilipatwa na uchovu kutokana na mambo ya kifamilia ambayo", basi, hapo likakwama. Yeyote angelisoma angejua kuna mtu anaficha kitu.

"Debra, jibu moja limekatika. Nalirekebishaje?"

"Kwa hiyo mpya haiwezekani tena," Debra alijibu akiwa bado kwenye birika. "Rudi kwa ile ya kwanza, ufupishe, ugandishe upya. Ndio maana mimi sifuti ya kwanza."

Mabruka akafuta uchovu, akafuta mambo ya kifamilia. Vidole vilisita, kisha vikaandika: "Niliugua sonona baada ya kumzika binti yangu. Nilitibiwa, nikapona." Hakuwahi kuyaandika maneno hayo popote. Yakatosha kwenye sanduku, na nafasi ikabaki.

Aligandisha tena, akasoma tangu juu hadi chini, akawasha data na kuituma hospitalini.

Chai ilikuwa haijapoa Sista Kasyoka alipopiga. "Imefika, mama. Inasomeka yote. Na pole kwa binti. Umefanya vizuri kusema. Kamati inaogopa kufichwa, haiogopi mtu aliyepona."

Mabruka alishukuru, akakata simu, akalia huku anacheka. Debra alimsogezea kikombe.

Kesho yake kabla ya adhuhuri kamati ikakubali. Nyumbani kwao mtaani Kabiria, Jabir aliisikia habari akiwa ameegemea mto, akaushika mkono wa dadake asiuachie.

"Dada, huogopi?"

"Jana niliogopa," Mabruka alisema. "Leo nina usingizi tu."

Akajinyoosha palepale kwenye mkeka kando yake, viatu miguuni, akalala mchana kweupe kama mtoto.