Garimoshi Linalopita Sebuleni kwa Mama Pélagie

Hebu niambie: mgeni wa tani arobaini utampitishia mlango gani? Mama Pélagie wa Uvira alimfungulia yote miwili, wa mbele na wa nyuma, kila Alhamisi saa tatu asubuhi. Alisogeza meza, akakunja mkeka, akafungia bata jikoni. Nyumba yake ilijengwa palipopita reli ya kwenda Kamanyola, na garimoshi halikuona sababu ya kubadili njia.

Reli zenyewe ziling'olewa zamani. Kipande kimoja kilikuwa kengele ya kanisa, vingine vilibeba mapaa ya watu. Alhamisi vilishuka, vikajipanga chini ya magurudumu, kisha vikarudi kazini. Mapaa yalingoja. La Pélagie peke yake lilibaki limeinama kidogo, naye alilisamehe.

Lilikuwa garimoshi jeusi, la kuni, lililotengenezwa kabla mama yake hajazaliwa. Jirani yake Pitchou, ambaye lori lake jipya lilikuwa limekufa uani wiki ya tatu, alipenda kuligongagonga kwa kidole.

"Chuma ya zamani iko chuma, mama."

"Na yako iko nini?"

"Yangu iko rangi."

Watu walipanda behewa la nyuma, lisilo na viti, pamoja na mihogo na mbuzi wao. La mbele lilikuwa na viti vya ngozi nyekundu na mapazia, nalo lilikuwa tupu. Halikuwa na kufuli. Watu walikwenda nyuma wenyewe, kama wazazi wao walivyokwenda enzi za wakoloni. Tangu utotoni Pélagie alitamani kiti cha dirishani mle, upande wa milima, na hakumwambia mtu. Kila Alhamisi, garimoshi liliposimama mbele ya nyumba, alilinywesha ndoo moja ya maji ya ziwa, akafuta kioo cha dirisha lile kwa pindo la kitenge, akaingia ndani ya nyumba.

Mkagua tiketi, Jean-Berchmans, marehemu tangu reli ilipofungwa, alimwinulia kofia.

"Aksanti kwa mayi, mama."

Alhamisi moja Pélagie hakuingia ndani.

"Ile wago iko ya nani?" aliuliza, akionyesha behewa la mbele.

"Iko ya benyewe."

"Bako wapi?"

Jean-Berchmans alifungua daftari, akawatafuta wenye behewa kwa kidole taratibu, mstari kwa mstari. "Bado habayafika."

"Tangu minye niko mutoto?"

"Bamechelewa kidogo."

"Mama, kuya huku!" Pitchou aliita kutoka behewa la nyuma. "Iko nafasi katikati ya mbuzi mbili!" Watu wakacheka, wakasogeleana, wakamnyooshea mikono.

Filimbi ikalia. Behewa la viti vyekundu likaanza kupita sebuleni, tupu kama siku zote. Pélagie aliweka ndoo chini, akatembea sambamba nalo, kiganja juu ya kioo, akaipita meza, akaupita mkeka, mpaka mlango wa nyuma. Hapo akasema, kwa sauti iliyofika hata behewa la mbuzi:

"Minye nataka kukaa mule! Ku dirisha! Tangu nikiwa na miaka munane, nataka kukaa mule."